Choo cha mboji kambini: Kazi halisi huanza safari inapokwisha

Kila msimu wa likizo unapowadia, familia, vijana wa makanisa na makundi ya skauti hufunga virago na kuelekea milimani, ziwani na mbugani kupiga kambi. Mahema hukaguliwa, taa hutiwa betri, unga na nyama hupimwa kwa kila kichwa. Suala moja tu ndilo ambalo aghalabu halitajwi hadi jua linapotua na giza kutanda: watu watajisaidia wapi?

Swali hilo huonewa haya, lakini jibu lake lina uzito. Kambi nyingi za umma zilizo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) zina vyoo. Hata hivyo, zile zinazoitwa kambi maalumu, ambazo kundi moja hukodi na kukaa peke yake, kwa kawaida hazina huduma yoyote. Hakuna mfereji wa maji wala msala. Kinachopatikana hapo ni uwanja, miti na ukimya.

Ukimya huo nao una wenyewe. Kandokando ya Ziwa Naivasha, viboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi. Katika Maasai Mara, fisi huranda karibu na mahema wakifuata harufu ya mabaki ya chakula. Mtu anayetoka hemani saa nane za usiku akiwa na kurunzi mkononi kutafuta kichaka huwa amejitia katika hatari ambayo ingeepukika.

Ni kwa sababu hiyo ambapo wasafiri wengi wameanza kubeba choo chao wenyewe. Miongoni mwa aina zilizopo, inayosifiwa zaidi ni ile isiyotumia maji wala kemikali, ambayo huuzwa kwa jina la choo cha mboji. Ni kifaa kizuri, ila jina lake limewaponza wengi.

Jina linalopotosha

Kinyesi hugeuka kuwa mboji kwa kazi ya bakteria na kuvu. Viumbe hao wadogo huhitaji mambo manne: hewa, unyevu wa kadiri, joto na muda. Rundo la mboji likiwa kubwa, tuseme mita moja kwa kila upande, na likichanganywa ipasavyo, huweza kupata joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi. Joto hilo likidumu kwa siku kadhaa katika kila sehemu ya rundo, viini vingi vya maradhi huangamia.

Ndoo ya lita 20 haiwezi kamwe kufika huko. Kilichomo ni kidogo mno, na joto lolote linalozalishwa hupotea mara moja kupitia kuta zake. Mlimani hali ni mbaya zaidi. Katika kambi za Mlima Kenya zilizo juu ya mita 4,000, kama vile Mackinder na Shipton, usiku huwa wa barafu, na kazi ya bakteria hao karibu husimama kabisa.

Kwa hivyo, kinachofanyika kambini kwa siku mbili au tatu si utengenezaji wa mboji bali ni ukusanyaji tu. Kinyesi hutengwa na mkojo, hukaushwa na kufunikwa ili kisinuke, kisifikiwe na nzi wala kisimwagike. Mboji yenyewe hutengenezwa nyumbani, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Anayenunua kifaa hiki akitarajia kurudi Jumapili jioni na mbolea tayari ya kutia bustanini atakuwa amerudi na ndoo ya maradhi.

Kutokana na ukweli huo, swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza dukani halihusu bei, rangi wala wepesi wa choo. Linahusu mwisho wa safari: kilichomo kitamwagwa wapi? Asiyekuwa na jibu hana haja ya kufungua pochi.

Mlima unaonywesha mamilioni

Umuhimu wa jambo hili unaonekana wazi ukitazama Mlima Kenya, ambao ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 1997. Mito inayoshuka upande wa kaskazini na magharibi, ikiwemo Naro Moru na Sirimon, huingia Ewaso Ng'iro na kuwafikia wafugaji wa nyanda kame. Ile ya mashariki na kusini huingia mto Tana. Mmojawapo ni Thiba, ambao hunywesha mashamba ya mpunga ya Mwea.

Sehemu za juu za mlima huo hazina udongo wa kutosha. Ni mawe, changarawe na vinamasi. Kinyesi kinachoachwa nyuma ya jiwe hakiozi upesi kwa sababu ya baridi, na mvua inaponyesha husombwa hadi kwenye vijito. Kijito hicho hicho ndimo kundi la pili linamochota maji ya chai, na ndiyo maji yanayoteremka kuwafikia watu walio mbali ambao hawajawahi kuuona mlima kwa karibu.

Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba, homa ya ini aina ya A na minyoo yote husafiri kwa njia hiyo, kutoka kwa kinyesi hadi kinywani. Kichocho nacho kina mkondo wake. Mayai ya mnyoo anayekisababisha hutoka pamoja na kinyesi au mkojo, kutegemea aina yake, na huhitaji kufika majini ili uhai wao uendelee.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Katika Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania, kampuni nyingi za utalii hubeba vyoo vidogo ndani ya vihema ili wateja wao wasitumie vichaka. Nchini Nepal, mwaka wa 2024, serikali ya eneo la Everest iliwaagiza wakwea milima kununua mifuko maalumu ya kuhifadhia kinyesi na kurudi nacho. Nchini Marekani, wanaosafiri kwa mashua katika mto Colorado kupitia Grand Canyon hulazimika kubeba kinyesi chao chote hadi mwisho wa safari.

Jinsi kinavyofanya kazi

Fikra ya kutumia kitu kikavu badala ya maji si ngeni. Mchungaji mmoja wa Uingereza kwa jina Henry Moule alipata hataza ya choo cha udongo mwaka wa 1860, miaka miwili baada ya uvundo wa mto Thames kuwashinda hata wabunge jijini London. Moule alikuwa ametambua kuwa udongo mkavu ukimwagwa juu ya kinyesi, harufu hutoweka.

Choo cha kubebeka cha siku hizi hufuata kanuni hiyo, ila kimeongezewa jambo moja kubwa, nalo ni kuutenga mkojo. Kiti chake kina sehemu mbili. Ya mbele ni kama faneli, hupokea mkojo na kuuelekeza katika mtungi wake. Ya nyuma ni tundu linaloangusha kinyesi ndani ya ndoo.

Utengano huo ndio siri ya kifaa chote. Harufu kali ambayo watu huihusisha na choo haitokani na kinyesi peke yake. Hutokea hasa mkojo unapochanganyika na kinyesi, kwani bakteria huivunja yurea iliyomo katika mkojo na kutoa amonia, huku majimaji yakizuia hewa na kusababisha uozo wa kuvunda. Kinyesi kikikaa kikavu na kufunikwa vyema, harufu yake hupungua sana na nzi hukosa pa kutagia mayai.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya hesabu. Mtu mzima hutoa mkojo wa takribani lita moja hadi moja na nusu kwa siku, ilhali kinyesi chake ni gramu mia chache tu. Chukua mfano wa familia ya watu wanne waliopiga kambi siku tatu. Kwa makadirio ya gramu 300 kwa kila mtu kwa siku, watatoa kilo 3.6 za kinyesi. Mkojo wao utakuwa kati ya lita 12 na 18.

Vyote vikitiwa ndani ya ndoo moja pamoja na kifunikio, ndoo ya lita 20 itafurika kabla ya siku ya mwisho, na itakuwa nzito na yenye kumwagika kwa urahisi. Vikitengwa, ndoo hiyo hiyo itabaki na nafasi, na mtungi wa lita 20 utatosha mkojo wote.

Mambo ya kuzingatia dukani

Vyoo vinavyotoka ng'ambo vipo vya kila namna. Baadhi vina feni ndogo inayotumia betri ya volti 12 na mkono wa kukorogea kilichomo. Hivyo vilibuniwa hasa kwa ajili ya magari ya kulala na mashua, ambako hukaa mahali pamoja kwa miezi. Baadhi vina uzito wa zaidi ya kilo 10 vikiwa vitupu. Kwa kambi ya wikendi, feni na mkono wa kukorogea ni mzigo tu. Hakuna mboji ya kukorogwa kwa siku tatu, na bomba la feni lisilo na pa kutokea huishia kuijaza hema hewa ya ndoo.

Jambo la kwanza la kukagua ni kiti. Kinapaswa kumbeba mtu mzito bila kuyumba, hata kikiwekwa penye mteremko kidogo. La pili ni kitenganishi cha mkojo, ambacho kinafaa kiwe na ukingo wa juu wa kutosha kuzuia mkojo usirudi nyuma. Wanaume nao watalazimika kuketi, la sivyo utengano huo hautakuwa na maana.

Jambo la tatu ni kifuniko. Ndoo inapaswa kuwa na kifuniko kinachobana kabisa, kilicho na mpira wa kuzuia mvujo, kwani ndani yake ndimo mzigo utakamosafiri kwenye barabara za mashimo. La nne ni ukuta wa ndani wa ndoo. Uwe laini, usiokuwa na pembe wala mikunjo ambako uchafu utajificha wakati wa kuosha.

Tahadhari pia ichukuliwe kuhusu unga unaouzwa pamoja na vyoo hivi kwa madai kwamba huharakisha mboji. Upo unga wa kugandisha majimaji na upo wa kupunguza harufu, na kila mmoja una matumizi yake. Lakini hakuna unga wa kutia ndooni utakaokifanya kinyesi kuwa mboji salama kabla ya safari kwisha.

Vile vile, choo cha mboji kisichanganywe na choo cha kemikali. Hiki cha pili huwa na tangi la dawa ya kuua bakteria na kupunguza uvundo, na kilichomo hakifai kutiwa katika rundo la mboji wala kumwagwa shimoni ovyo. Anayepanga kutengeneza mboji aepuke dawa hizo kabisa.

Asiye na uwezo wa kununua cha ng'ambo hajakosa. Ndoo imara ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri, yenye kifuniko chake, hutosha. Fundi seremala huweza kuunda kigoda chenye tundu linalolingana na mdomo wa ndoo. Faneli pana na kipande cha bomba la mpira kinachoingia mtungini hukamilisha kazi ya kutenga mkojo. Kifaa hicho hakina urembo, lakini kikitunzwa hufanya kazi ile ile.

Kifunikio ni nusu ya choo

Wengi hujishughulisha na kiti wakasahau kitu cha kufunikia. Kifunikio kizuri ni kikavu, chepesi na chenye asili ya mimea. Vumbi la mbao na takataka za randa hupatikana kwa mafundi seremala, mradi mbao hizo ziwe hazijatiwa dawa ya kuzuia mchwa. Pwani, makumbi ya nazi yaliyosagwa hufaa sana. Mwea, maganda ya mpunga hupatikana kwa magunia karibu na vinu. Anayeyabeba hadi Mlima Kenya huwa anautumia mpunga ulionyweshwa na mlima huo kuyalinda maji yake.

Jivu nalo hukausha upesi na kuwadhoofisha bakteria kwa ukali wake. Litumike kidogo, kijiko kimoja au viwili juu ya kifunikio cha mimea, kwani likizidi huchelewesha kazi ya mboji baadaye. Ama kuchimba udongo au kukusanya majani ndani ya hifadhi kwa ajili ya choo, hilo halifai. Kifunikio kitoke nyumbani, ndani ya gunia au ndoo ya pili, kikiwa kikavu.

Kadirio rahisi ni nusu lita kwa kila haja kubwa. Familia ya watu wanne kwa siku tatu itahitaji lita sita, pamoja na nyingine tatu za kutandika chini ya ndoo kabla ya matumizi ya kwanza. Lita 10 zitatosha na kubakisha. Mmoja wao akipatwa na tumbo la kuendesha, kiasi hicho kitaongezeka maradufu, na ni busara kuwa na akiba.

Kanuni za matumizi

Choo kiwekwe mahali tambarare, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka mtoni au ziwani, na mbali na jiko. Hema ndogo ya kukisitiri huwaondolea watu haya. Mbugani, ni heri kisogezwe karibu na mahema giza linapoingia ili mtu asitembee mbali.

Kila anayemaliza hufunika kinyesi chake mpaka kisionekane, kisha hurudisha kifuniko. Karatasi ya shashi huweza kutiwa ndani, kwani huoza. Sodo, nepi na vitambaa vyenye majimaji vya kujipangusa havitiwi. Aghalabu huwa na plastiki isiyooza, na huifanya mboji yote kuwa takataka. Hivyo viwekwe katika chombo chake na kurudishwa nyumbani.

Kwa Waislamu na wengine wanaojitwaharisha kwa maji, kuna jambo la kupangwa mapema. Maji hayo yakiingia ndooni, ukavu wote hupotea. Suluhisho ni kuwa na beseni la tatu pembeni. Mtu huhama kutoka kitini, hujisafisha juu ya beseni, na maji hayo humwagwa katika kishimo kilichochimbwa mbali na mkondo wa maji, kisha hufukiwa. Penye marufuku ya kuchimba, yahifadhiwe mtungini.

Watoto wafundishwe kuketi kabla ya safari. Ndoo ikijaa robo tatu, ifungwe. Kuijaza hadi pomoni ni kualika kumwagika. Ikitokea kuwa nafasi imekwisha na hakuna msala karibu, wataalamu wa mazingira hushauri kuchimba kishimo cha kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, na kukifukia vyema, pale ambapo udongo na kanuni za hifadhi huruhusu.

Juu ya yote hayo, kunawa mikono hakuna mbadala. Kibuyu chirizi, yaani chupa au mtungi mdogo uliotobolewa na kuning'inizwa mtini, pamoja na kipande cha sabuni, hutosha kambi nzima. Choo kikiwa safi namna gani, mkono usionawa utakipeleka kilichomo hadi kwenye sahani ya ugali.

Mifuko na sheria

Baadhi ya watengenezaji wa ng'ambo hushauri ndoo itandikwe mfuko wa plastiki ili isichafuke. Nchini Kenya ushauri huo una matatizo. Mnamo Agosti 28, 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa. Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga za wanyama, fuo za bahari, misitu na maeneo mengine ya hifadhi.

Isitoshe, mfuko wa plastiki hauozi, na humlazimu mtu aupasue baadaye kwa mikono ili kukitoa kilichomo. Magazeti makuukuu yaliyokunjwa vizuri ndani ya ndoo, juu yake kifunikio kikavu, hufanya kazi hiyo bila kuvunja sheria, nayo huingia katika rundo la mboji pamoja na vingine.

Safari ya kurudi

Ndoo ya familia iliyotajwa itakuwa na uzito wa kilo tano au zaidi kidogo, mbali na ndoo yenyewe. Ifungwe kwa kamba, isimame wima, na iwekwe mbali na vyombo vya chakula. Mtungi wa mkojo uachiwe nafasi juu, kwani gesi hujikusanya njiani.

Penye wapagazi, suala la heshima huibuka. Anayeubeba mzigo huo ni mtu, na anastahili kuambiwa wazi ni kitu gani, kupewa glavu na sabuni, na kulipwa kwa kazi hiyo. Kumfungia mtu ndoo ndani ya gunia bila kumweleza ni kumdhulumu, na ikipasuka njiani, atakayeugua kwanza ni yeye.

Mkojo haumwagwi mtoni wala ziwani. Nyumbani, ukitiwa maji mara tatu hadi kumi ya kiasi chake, ni mbolea yenye naitrojeni nyingi, nzuri kwa migomba na miti ya matunda. Umwagwe udongoni, si juu ya majani. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2006, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kuwa pale familia inapotumia mkojo wake yenyewe shambani mwake, angalau mwezi mmoja upite kati ya kuumwagilia mara ya mwisho na kuvuna.

Mwaka mmoja wa subira

Kinyesi ndicho kinachodai subira. Humwagwa katika pipa au shimo la mboji lililotengwa, lenye kifuniko cha kuzuia mvua, kuku na mbwa, na lililo mbali na kisima. Huongezwa majani makavu na mabaki ya jikoni, na unyevu kidogo ili bakteria waamke. Ndoo huoshwa, maji yake yakamwagwa juu ya rundo hilo hilo, kisha huanikwa juani.

Adui mkubwa hapa ni mayai ya minyoo ya tumbo. Yana ganda gumu, na huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi baada ya bakteria wengi wa maradhi kufa. Mwongozo uo huo wa WHO unapendekeza kinyesi kikavu kihifadhiwe kwa zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto la kawaida la kati ya nyuzi 20 na 35, na kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili mahali penye joto la chini ya hapo.

Kwa hesabu hiyo, mkazi wa Malindi au Kisumu atangoja kwa zaidi ya mwaka, lakini yule wa Limuru au Kinangop atangoja karibu miwili. Saa huanza kuhesabiwa siku ya mwisho ya kuongeza kitu kipya. Anayemwaga ndoo ya Desemba juu ya ile ya Aprili ameirudisha saa mwanzo. Ndiyo maana panahitajika mapipa mawili: moja linalojazwa, na jingine linalongoja.

Hata baada ya muda huo, mboji hiyo ni heri itumiwe kwa miembe, miparachichi, migomba na maua. Isitiwe kwenye karoti, dania, vitunguu na nyanya za kachumbari, ambazo huliwa mbichi na kukaa karibu na udongo.

Je, asiye na shamba?

Wakazi wengi wa miji huishi kwenye vyumba vya kukodi visivyo na hata futi moja ya ardhi. Kumwaga ndoo yenye vumbi la mbao ndani ya choo cha maji ni kukiziba, na kuitupa kwenye jaa la mtaa ni kuwapelekea maradhi watoto na wachakura taka. Njia iliyobaki ni kupatana mapema na mwenye choo cha shimo, au kuipeleka ushago kwa jamaa mwenye pipa la mboji na anayeelewa kanuni zake. Pasipo hayo, msafiri ni bora achague kambi yenye vyoo.

Mfano wa jinsi kazi ya choo kikavu inavyopaswa kukamilishwa upo Nairobi kwenyewe. Tangu mwaka wa 2011, shirika la Sanergy limeeneza katika mitaa ya mabanda, kuanzia Mukuru, vyoo vinavyotenga mkojo vinavyojulikana kama Fresh Life. Vyombo vyake hukusanywa mara kwa mara na kupelekwa kiwandani, ambako kinyesi hushughulikiwa na kufanywa kitu cha manufaa kwa kilimo. Kiti na ndoo ni sehemu ndogo tu ya mpango huo. Uzito wote uko katika ukusanyaji na usindikaji unaofuata.

Mpiga kambi hana kiwanda. Yeye mwenyewe ndiye mkusanyaji, ndiye msafirishaji na ndiye msindikaji. Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Choo hiki kitamfaa yule ambaye, kabla ya kufunga hema lake, tayari ameandaa pipa la mboji nyuma ya nyumba na kulitafutia kifuniko.